Imeamka, Haijapona

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mwanamke anaitwa Mama Risasi, mawazo yake hukimbilia kwenye bunduki. Akimwona huona haya. Ni mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi kisogoni, ncha za vidole zimeungua na kupona na kuungua tena. Risasi yake ni ile laini ya kuchomea, inayouzwa imeviringishwa kama uzi wa cherehani, naye amekuwa akiiyeyusha kwenye matumbo ya kompyuta za watu tangu hajaolewa. Duka lake liko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, kachumba ambacho mwenye jengo alikikusudia kwa mifagio na ndoo. Watu wote huingia wameinama. Yeye haguswi hata nywele, na husema hicho ndicho kitu pekee ambacho ufupi umewahi kumpatia.

Ana mdomo pia, hilo lazima lisemwe mapema. Mteja akija na hadithi kwamba kompyuta imezima tu yenyewe, humtazama juu ya miwani. "Yenyewe? Na hii soda iliyoganda hapa ilijimwagia yenyewe pia?" Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa hauna mchezo. Kitu kikipona kwake kilikuwa kimepona, na kisichopona alikurudishia akakwambia ukazike.

Ng'ambo ya ujia, mlango kwa mlango naye, alikuwako fundi mwingine aliyeitwa Pasha-Pasha, na Mama Risasi hakumpenda hata kidogo. Kisa chenyewe ni cha kazi. Ndani ya kompyuta kuna chipu inayochora picha. Kila unachokiona kwenye kioo, iwe herufi au sinema, hiyo ndiyo inayokichora. Chipu hiyo hupata moto, hupoa, hupata moto tena, na baada ya miaka viungo vyake vya ndani, vyembamba kuliko unywele, huanza kuachana. Kioo hutoa mistari, kisha hufifia, kisha basi. Dawa yake ya kweli ni kuing'oa na kuweka nyingine nzima. Lakini upo ujanja: ukiipuliza kwa hewa ya moto ya bloa, viungo vilivyoachana hugusana tena na picha hurudi. Hurudi kwa siku chache, au hata kwa saa moja, halafu huondoka kwa heri. Huko ndiko kupasha, na jirani alikuwa amejipatia jina humo.

"Ukitaka kudanganywa, vuka ujia," Mama Risasi aliwaambia wateja, kwa sauti ya kufika ng'ambo. Pasha-Pasha hakuwahi kujibu. Aliinua bloa yake kidogo, kama mtu anayeitikia salamu, akaendelea na kazi.

Nyumbani Mama Risasi alikuwa na mume, na mume huyo wenzake walimwita Redio, kwa sababu Mungu alimuumba bila kitufe cha kuzimia. Alikuwa dereva wa lori la mchanga. Alizungumza akiendesha, akila, na mkewe aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akibishana na mtu juu ya bei ya tairi. Ugonjwa ulianzia mkononi. Vikombe vikawa vinamponyoka. Ukapanda begani, ukashuka miguuni, mwisho ukafika kwenye ulimi. Madaktari waliutaja kwa jina refu ambalo mama yake Redio hajaweza kulitamka mpaka leo. Maana yake ilikuwa fupi tu: misuli inakufa mmoja baada ya mwingine, na akili inabaki nzima, inatazama.

Ndipo shirika moja la kusaidia wagonjwa lilipomletea laptopu yenye kamera ndogo chini ya kioo. Kamera ilifuata macho yake. Akikazia macho herufi, herufi inaandikwa, na akimaliza sentensi kompyuta inaisoma kwa sauti ya mwanamume fulani asiyejulikana, anayesoma Kiswahili kama anayesoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Mwanzoni Mama Risasi aliichukia sauti ile. Kisha akaizoea, kisha akawa akiisikia kutoka jikoni moyo wake unachangamka. Redio alikuwa amerudi hewani. Siku moja alihangaika asubuhi nzima, herufi kwa herufi, wakadhani anaandika wosia. Kumbe ilikuwa: "Mke wangu, fundi wa mji mzima, feni ya chumba hiki inapiga kelele tangu mwaka jana."

Basi siku moja ikaja mistari ya kijani kwenye kioo kile.

Mama Risasi aliibeba laptopu ile mpaka dukani, akafunga mlango. Aliomba iwe kioo. Kioo kinabadilishwa, kioo si kitu. Akaiunganisha na kioo kingine cha nje, na mistari ikahamia huko pia, vilevile, kama imeelekezwa njia. Hapo akajua kioo hakina kosa. Akafungua, akabadilisha kumbukumbu, akapitisha mita pembeni mwa chipu, sehemu moja baada ya nyingine. Umeme ulikuwa unafika kila mahali. Likabaki jaribio moja. Aliwasha kompyuta ikiwa wazi vilevile, akaweka kidole gumba juu ya chipu, akabonyeza taratibu. Picha ikaruka. Mistari ikapungua, herufi za Redio zikatokea safi kabisa. Akaondoa kidole, zikapotea.

Jaribio hilo alikuwa amewaonyesha wateja wengi, na kila mara aliwaambia bila kupepesa, "Umeona? Imekwenda hiyo." Safari hii aliizima haraka, kama aliyeona asichotakiwa kuona. Alipoiwasha tena, ilikwama mwanzoni kabisa, kwenye nembo, na haikutaka kwenda mbele.

Usifikiri hakuhangaika. Alijaribu kuhamishia programu ile ya macho kwenye mashine nyingine, ikakataa. Ilikuwa imefungwa kwa mashine ile moja, na ufunguo wake walikuwa nao wale wa shirika, ambao walishafunga ofisi na simu yao inaita mpaka inachoka. Alizunguka kwa wauza mabovu wote, akipekua marundo ya kompyuta zilizokufa, akigeuza kila ubao kusoma namba ya chipu, mpaka wenyewe wakamwonea huruma wakaanza kumsaidia kupekua. Aliipata moja tu yenye namba ile. Ilikuwa imemeguka pembe. Aliagiza nyingine kutoka nje, akaambiwa iko njiani, na kila alipouliza ilikuwa bado njiani.

Kifua cha Redio hakikuwa na subira hiyo. Daktari alikuja nyumbani, mama mmoja mpole, akamsikiliza pumzi, kisha akawaita wote watatu ukumbini: Mama Risasi, mama mkwe wake, na shemeji yake, yaani kaka mkubwa wa Redio. Akawaeleza bila kuficha. Misuli ya kupumulia nayo inaisha. Ipo njia ya kumtoboa tundu kooni, mashine impumulie, na mashine hiyo haitaondoka tena. Ipo njia nyingine ya kumwacha, apewe dawa asisumbuke, aende polepole. "Akili yake ni nzima," daktari alisema. "Hili ni lake kuamua. Nileteeni neno lake, lakini msichelewe."

Neno lake! Walilitafuta kama watu wanaotafuta sindano kwenye mchanga. Shemeji aliinama kitandani, akasema, "Mdogo wangu, unataka mashine? Kama ndiyo, funga macho." Redio akafunga macho. Shemeji akaruka kwa furaha. Mama Risasi naye akainama, kwa tabia yake ya kupima mara mbili, akauliza, "Hutaki mashine? Kama hutaki, funga macho." Redio akafunga macho. Kope zake zilikuwa zimechoka, zilijifungia tu zenyewe. Waliandika herufi kwenye kipande cha boksi, wakawa wanamshikia mbele ya uso. Mchana wote zilitoka M na A tu, mama yake akapiga kelele "Ananiita mimi!", na Redio akaangalia dari, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni.

Tusimpambe Mama Risasi. Hakuwa mtu wa kati. Alitaka ndiyo, aliitaka kwa roho yake yote. Kabla hata daktari hajafika mwisho wa barabara, alikwisha kutoa bisibisi akafunga soketi mpya ya umeme kando ya kitanda, mahali mashine ile itakapokaa. Alitaka tu mumewe alitamke mwenyewe, ili asiwe yeye aliyeamua.

Asubuhi pumzi za Redio zilipoanza kukatikakatika, shemeji na mama mkwe walikimbilia hospitali kumfuata daktari, mama wa nyumba ya pili akabaki na mgonjwa. Mama Risasi alichukua kompyuta, akaenda dukani, akaiweka mezani, akaitazama. Bloa yake ilikuwa pale. Mkono ukainuka, ukashuka. Katika maisha yake hakuwahi kupasha chipu hata moja. Hakujua moto wa kiasi gani, kwa umbali gani, wala inakuwaje inapokaribia kuungua. Ukizidisha kidogo imekufa, na hakuna wa kuifufua.

Akaikumbatia kompyuta, akavuka ujia.

Pasha-Pasha alikuwa anakula mkate. Alipomwona mlangoni aliacha kutafuna.

"Mama Risasi. Karibu. Kuna heri?"

"Hakuna heri." Akaiweka kompyuta mbele yake. "Nipashie hii."

Pasha-Pasha angeweza kumpa za uso. Alikuwa na haki hiyo na alikuwa na akiba ya kutosha. Akafuta mikono kwenye suruali. "Ni ya mzee?"

"Ni sauti yake. Nahitaji azungumze mara moja tu. Najua yote ninayosemaga. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nipashie."

"Kaa, dada. Nishikie taa."

Wala hakuharakisha. Alifunika sehemu zote za jirani na chipu kwa karatasi ya fedha ya kwenye pakiti za sigara, akapanga sarafu juu yake ili moto usitambae. Akawasha bloa, akaanza mbali, akizungusha mkono pole pole, akishuka kidogo kidogo. Hakuangalia namba za bloa. Alikuwa ameinamisha pua. "Ikianza kutoa harufu kama ya chuma cha pasi, hapo ndipo," alisema. Mama Risasi alishika taa, akaona aibu, kwa sababu mkono wa mtu ambaye yeye alimtukana miaka yote ulikuwa umetulia kabisa. Pasha-Pasha akaacha chipu ipoe bila kuipulizia. Wakangoja.

Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Nembo ikatokea. Ikakaa pale muda mrefu, Mama Risasi akawa anaomba bila sauti. Kisha nembo ikaondoka, na herufi za Redio zikajaa kioo kizima, safi.

"Imepona," Mama Risasi alisema, kabla hajajua anasema nini.

"Hapana," Pasha-Pasha akamkatiza. "Mimi wateja wangu siwaambii imepona. Nawaambia imeamka, haijapona, mwenye lake afanye haraka. Wakifika nje wanasema wanayotaka." Akamwekea kompyuta mikononi. "Usiizime. Ikizimika ikapoa kabisa, sina ahadi. Nenda."

Akaenda. Hakuthubutu kupanda gari, kwa kuogopa mashimo. Alitembea katikati ya watu, kompyuta imefunguka mikononi kama sinia ya mgeni, mwanga wa herufi ukimpiga kidevuni. Mtu mmoja alimuuliza kwa utani kama anauza. Hakumsikia. Kila alipokanyaga vibaya alikiangalia kioo kabla ya kuangalia mguu.

Nyumbani yule mama aliyebaki na mgonjwa alimpisha, akatoka. Shemeji alipigiwa simu, akasema wako njiani na daktari anafuata. Mama Risasi alitazama pembe ya kioo, akaona mstari mwembamba wa kijani. Hakuna kungoja mtu. Akaiweka mezani mbele ya kitanda, akainua kichwa cha mumewe kwa mto. Kamera ikatafuta, ikayapata macho. Redio alipoziona herufi zake, uso wake haukuweza kufanya kitu, lakini macho yalifanya yote.

Akaandika. Sauti ya yule bwana wa boksi la dawa ikasoma: "Unanuka moshi."

Mama Risasi alicheka, akajikuta analia katika kicheko kilekile. Akapangusa pua kwa mkono wa nguo. "Mume wangu, utani baadaye. Sikiliza. Daktari anataka neno lako kuhusu lile tundu la kooni na mashine ya kukupumulia. Unataka, au hutaki? Sema mwenyewe."

Macho yakatulia kwenye kioo. Yakatembea. Yakakazia H.

Ndiyo haianzi na H. Alijiambia amekosea, amechoka, sasa hivi ataifuta. Ikaja A. Akashika ukingo wa kitanda. Ikaja P, na baada ya hapo hakuangalia tena kioo, aliangalia macho ya mumewe yakipanda na kushuka, mpaka sauti iliposema: "Hapana."

"Umekosea," akasema haraka. "Umebonyeza vibaya. Hebu andika tena, usikimbie."

Hakukimbia. Pumzi zilikuwa zinamkwaruza, na kila herufi ilichukua muda wake. Mstari wa kijani ukawa miwili. Sauti ikasoma: "Sitaki tundu. Nimekaa kimya nimefikiri vya kutosha. Mwambie kaka ni mimi niliyesema."

Hapo Mama Risasi alimwaga yote. "Na mimi? Na mimi je, mume wangu? Unataka nikae na nani humu ndani? Nimeshakufungia na soketi!" Alilia kama mtoto, paji la uso kwenye godoro, na aliponyanyua kichwa aliona mumewe ameshaanza kumjibu. Kwenye kioo palikuwa na neno moja: WEWE. Macho yalikuwa yanaelekea kwenye herufi inayofuata.

Mistari ikashuka yote kwa pamoja. Kioo kikawa kijani, kikawa kijivu, kikawa cheusi. Alirusha mkono, akabonyeza kwa gumba chini ya kompyuta, mahali chipu ilipo, akabonyeza kwa nguvu mpaka plastiki ikalia. "Wewe nini?" alisema. "Mimi nini? Malizia!" Akaizima, akaiwasha. Ikakwama kwenye nembo. Akaiwasha tena. Hata nembo haikuja.

Alikuwa bado amepiga magoti pale mama mkwe na shemeji walipoingia, mama ameshika kiatu kimoja mkononi kwa kukimbia.

"Imewaka?" shemeji akauliza.

"Iliwaka."

"Akasema?"

"Alisema hapana. Alisema hataki tundu. Na akasema nikwambie wewe kwamba ni yeye aliyesema."

Mama mkwe alitoa mguno mdogo. Shemeji alitazama kompyuta ile nyeusi, akaisogelea, akabonyeza kitufe mwenyewe. Hakikutokea kitu. Alipogeuka alikuwa anazungumza kwa upole mwingi.

"Shemeji, hiki kitu kilikuwa kibovu. Wewe mwenyewe ulisema kimekufa. Mistari, mara kinazima, mara kinaganda. Kitu kibovu kinaweza kujiandikia chochote. Huoni? Huenda hata si yeye."

Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anamnyooshea mkono ili watoke wote pamoja ndani ya hapana ile. Mama mkwe naye akauona mlango ule, akamshika Mama Risasi mabega yote mawili.

"Mwanangu, sisi hatujui mambo haya, wewe ndiye fundi. Inawezekana ilikosea? Niambie tu. Ukisema ilikosea, tutamwambia daktari atoboe tundu, na mwanangu ataishi."

Nje gari la daktari lilikuwa linasimama. Lilikuwa ni neno moja tu, na lilikuwa tayari mdomoni mwake, tamu. Hakuna mtu mji mzima ambaye angembishia. Kitandani Redio alikuwa macho. Hakuwa na namna ya kukubali wala ya kukataa, alimtazama tu.

"Haiwezekani, mama," Mama Risasi akasema. "Kilichoharibika ni kile kinachochora. Kikiharibika, kinaharibu picha, hakigusi maneno. Maneno yanatoka kwingine. Aliyasema yeye."

"Una hakika?" shemeji akauliza. "Kabisa kabisa?"

"Nina hakika."

Mama mkwe akaketi chini, kiatu kikiwa bado mkononi. Daktari alibisha hodi, shemeji akaenda kumfungulia. Mama Risasi alivua miwani, akaishika kwa vidole vyake vilivyoungua, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kufungua kompyuta za watu akatamani asingeijua kazi yake.